Mvule wa Faili Namba Kumi na Nne

Jumatatu saa mbili asubuhi, karani wa masjala katika idara ya misitu alifungua kabati la chuma akakuta faili namba kumi na nne limeota mvule. Shina lilikuwa nene kama mkono wake. Alilisogeza kidogo, akachomoa barua ya mama yake iliyokuwa chini, akaipeleka kwa mkuu wa idara.

Hiyo ilikuwa barua ya tatu. Ilisema malori yanatoa magogo msituni mchana kweupe na chemchemi ya kijiji inakauka. Iliomba jambo moja: mkuu atie saini amri ya kusimamisha ukataji wa miti. Amri yenyewe karani alishaichapa tangu mwaka jana. Saini tu, jamani!

Mkuu alifunua faili, akipishanisha majani na karatasi.

"Hapa imeandikwa msitu haujaguswa. Sasa nisimamishe nini?"

"Lakini mzee, malori..."

"Malori hayamo kwenye faili."

Na kweli hayakuwamo. Sheria ya hifadhi iliyokuwa humo ilikuwa nzuri, kurasa mia mbili na kumi, na katika kila ukurasa msitu ulikuwa mzima. Ndiyo maana uliota humo. Kufikia Alhamisi mizizi ilishang'oa vigae, mvua ikawa inanyesha kati ya rafu ya tatu na ya nne, na mto mdogo ukapita chini ya meza ya karani. Mhudumu alilalamikia matope. Akaambiwa avumilie.

Ijumaa wakaja wakaguzi. Walitakiwa kwenda msituni, ila barabara mbovu, na masjala iko hapo hapo chini. Wakahesabu miti, wakalowa kidogo, wakaandika kwamba msitu upo. Wakanywa chai, hao, wakaenda zao. Watu wazima, na elimu zao!

Jumatatu iliyofuata mama yake karani alifika na ndoo mbili. Chemchemi ilikuwa imekauka kabisa. Alisimama kwenye dirisha la masjala, akausikia mto.

"Kumbe maji yamehamia huku," alisema. "Nifungulie nichote, mwanangu. Kwangu ni mbali."

Karani akamfungulia. Mama alivua viatu, akachota, akajitwisha ndoo moja na nyingine akaishika. Getini mlinzi akamzuia.

"Shikamoo mama. Kibali kiko wapi? Huwezi kutoa kitu cha msitu wa hifadhi bila kibali."

"Marahaba. Na yale malori, baba, nani anayazuia?"

"Hayapiti geti hili, mama."

Mkuu alishuka ngazi mbio, kalamu mkononi, amri kwapani. Mwaka mzima ile amri ilikuwa mezani kwake. Alikata maneno "ukataji wa miti", juu yake akaandika "uchotaji wa maji", akatia saini papo hapo, amesimama.

Karani alimwaga maji mtoni kama alivyoagizwa. Ndoo akazifungulia faili namba kumi na tano, akazihifadhi chini ya mvule. Mama alirudi nyumbani mikono mitupu, na njiani aliyapisha malori manne.