Kilio cha Upande wa Jua

Kwa misimu minne, kila Jumapili jioni, nchi nzima ilikaa mbele ya televisheni kuwacheka watu wa Upande wa Jua, na hakuna waliocheka kwa sauti kubwa kuliko wao wenyewe. Upande wa Jua ni lile jukwaa la mbao lisilo na paa, katika uwanja wa timu ndogo ambayo mashabiki wake huiita Vumilia, maana jina lake rasmi ni refu mno na halijawahi kuchongwa kwenye kombe lolote. Mchezo wenyewe wa televisheni ulikuwa wa upole. Wazee waligombania kivuli cha mwavuli mmoja, mke alimnunia mume aliyesahau siku ya ndoa yao lakini akakumbuka dakika ya kila bao, na kila wiki kulikuwa na mtu anayeapa kwamba uwanjani harudi tena, wiki ifuatayo yuko palepale na chupa yake ya maji.

Aliyeuandika alikuwa binti wa seremala wa jukwaa hilo. Baba yake alikuwa amezipigilia misumari karibu mbao zote za pale, bure, Jumamosi baada ya Jumamosi, naye binti alikulia juu ya mbao hizo, miguu ikining'inia, masikio wazi. Alichokisikia utotoni ndicho alichokuja kukiuza ukubwani. Mashabiki hawakumwonea wivu hata kidogo. Waigizaji wa kulipwa walipokaa mstari wa mbele, wao walikaa nyuma yao wakiigiza kuwa mashabiki, na kazi hiyo waliiona nyepesi kupita kiasi.

"Mimi kuigiza mimi?" mmoja wao, kinyozi, alizoea kusema. "Hiyo naifanya hata nikiwa nimelala."

Siku ya kurekodi kipindi cha mwisho cha msimu wa nne, kazi hiyo ikawashinda.

Kwa mujibu wa maandishi, Vumilia ilitakiwa ifungwe dakika ya mwisho, ishuke daraja, na jukwaa zima lilie. Binti aliandika hivyo kwa mkono wake mwenyewe akiwa mezani, na kwenye karatasi palipendeza. Alichokisahau ni kitu ambacho mtoto wa Upande wa Jua hana ruhusa ya kukisahau: pale timu ikifungwa, watu husimama na kumpigia kipa makofi. Desturi hiyo ilianza miaka mingi nyuma, siku ambayo kipa mmoja alitoka kumzika mama yake asubuhi, mchana akafungwa mabao saba. Seremala alisimama peke yake akapiga makofi. Tangu hapo mikono ya watu wale huinuka yenyewe, haimsubiri mwenye mikono.

Basi mpira ukaingia wavuni, kamera zikiwaka, na jukwaa zima likasimama na kupiga makofi.

"Kata!" Mwongozaji alikuwa mtu mfupi mwenye kofia pana, asiyejua kugomba. "Jamani, mmefungwa. Mmeshuka daraja. Naomba mlie."

"Tumekusikia, mwanangu," alijibu Mama Tarumbeta, muuza chai wa getini, ambaye tarumbeta lake lilijulikana hadi mtaa wa pili. "Lakini na kipa naye ana moyo."

Mara ya pili wakaambiwa wakalie mikono. Wakaikalia. Mpira ukaingia, na mwigizaji mkuu pale mbele akaanza kububujikwa na machozi kwa amri, yule bwana ambaye nchi nzima ilimwita Mzee Jezi na ambaye mpira hakuujua hata chembe. Mstari wa nyuma ukainamia mbele kumtazama kwa karibu, kisha ukachomoa mikono na kumpigia makofi yeye.

Mara ya tatu vikaletwa vitunguu. Kinyozi akavipokea, akavinusa, akasema vinamtia njaa tu. Mara ya nne Mama Tarumbeta alijitahidi kweli, akakunja uso mpaka ukafanana na ngumi, jirani yake akamwona, na ikawa kicheko juu ya kicheko. Seremala, baba mtu, alikaa mstari wa nne akicheka kimya kimya, mabega yakimtikisika. Alipogongana macho na binti yake akamkonyeza, kama alivyozoea kumkonyeza tangu akiwa wa kubebwa.

Binti hakuweza kumkonyeza naye. Aligeuka akajifanya anasoma karatasi.

Ijumaa ya wiki iliyopita mwongozaji alimwita ofisini, akafunga mlango, akampa barua. Wenye ardhi walikuwa wameuza uwanja. Wangetangaza wenyewe Jumatatu hii ijayo, na katikati ya wiki hiyohiyo mitambo ya kubomoa ingeingia. Timu ingetafutiwa pa kuchezea kwingine, "iwapo patapatikana." Siku ya mwisho ya kurekodi ndiyo hii, Jumamosi. Mwongozaji alimwomba afunge mdomo mpaka kazi iishe, watu wasije wakavunjika moyo na kipindi kikaharibika. Naye akakubali. Hakubishana hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomnyima usingizi wiki nzima kuliko barua yenyewe.

Jioni ya Ijumaa ileile alikwenda kwa baba yake akiwa amekata shauri kumwambia. Alimkuta karakana, maranda yamemfika vifundoni, anapiga randa mbao mpya za mstari wa nne kwa sababu za zamani zilikuwa zimeanza kuchoma watu makalio.

"Gusa hapa, mama," baba alimwambia. "Ubao huu hata mtoto mchanga ataukalia. Miaka kumi hazitamchoma mtu."

Akagusa. Ulikuwa laini kweli.

"Zinapendeza, baba," akasema, akanywa chai, akaenda zake.

Sasa jua lilikuwa limeanza kuteremka, na kivuli cha ukuta wa magharibi kimeshakula nusu ya uwanja. Mwongozaji akamvuta kando, nyuma ya nguzo ya taa.

"Tuna nusu saa ya mwanga," alisema. "Mwanga ukipotea, hatuna kipindi. Kurudi haturudi, unajua mwenyewe kwa nini." Akafuta jasho. "Wewe unawajua hawa watu. Mimi nimeishiwa. Kawaambie chochote."

"Chochote kama nini?"

"Sijui. Wewe ndiye mtoto wao."

Binti akapanda ngazi za mbao taratibu. Wana haki ya kujua, alijiambia, na ilikuwa kweli. Hawafai kusikia habari hii Jumatatu redioni kama wapita njia, alijiambia tena, na hiyo nayo ilikuwa kweli. Alikuwa na kweli mbili mkononi na bado alijiona mwizi. Maana haki yao ya kujua haikuzaliwa leo saa kumi na moja. Ilikuwepo Ijumaa, ilikuwepo Jumapili alipokula nao, ilikuwepo asubuhi hii walipompokea getini kwa tarumbeta.

Alipofika juu hakusimama katikati, mbele ya watu, kama mtu mwenye neno anavyosimama. Alisogea hatua mbili kushoto. Miaka minne ya kazi ilikuwa imemfundisha mahali pa kusimama ili asizibe kamera, na miguu ikapafuata. Aliihisi ikipafuata na hakuizuia.

"Jamani," alisema. "Nina neno. Halihusu mchezo."

"Sema, mwandishi wetu!" kinyozi alidakia. "Ila kama ni vitunguu, mimi nimeshiba."

Wakacheka. Akasubiri waishe.

"Uwanja umeuzwa."

Kinyozi akatazama kulia na kushoto. "Hiyo ipo kwenye maandishi? Mbona mimi sikupewa ukurasa huo?"

"Haipo kwenye maandishi."

"Basi umeitunga vizuri," alisema Mama Tarumbeta, "maana mwili wote umenisisimka."

"Mama yangu, sikuitunga. Barua nimeisoma kwa macho yangu. Wanatangaza Jumatatu. Katikati ya wiki wanakuja kubomoa." Akautazama ubao aliokanyaga. "Jukwaa pia. Kila kitu."

Hakuna aliyecheka. Walimtazama usoni wakitafuta mzaha, na walimjua tangu hajaota meno, kwa hiyo hawakuchukua muda kuona kwamba haupo. Kinyozi alivua kofia, akaivaa, akaivua tena, halafu akaifunika usoni na mgongo wake ukaanza kupanda na kushuka. Mama Tarumbeta alilia bila sauti, amemshika jirani yake kifundo cha mkono, kwa nguvu, naye jirani hakumwambia amwachie. Mtu mmoja wa juu kabisa alisema "Jamani, jamani," mara nyingi, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Hata Mzee Jezi, ambaye machozi yake yalikuwa na bei, aligeuka nyuma na kuwatazama, na safari hii hakuweza kutoa hata tone.

Seremala hakulia. Alikaa ameweka kiganja juu ya ubao, anaupapasa kwenda na kurudi. Kisha akainua uso. Hakumtazama binti yake. Alitazama nyuma ya bega lake, chini, kule kwenye kamera, akatazama kwa muda mrefu.

"Ulijua lini, mama?" aliuliza.

"Ijumaa, baba."

"Jana?"

"Ijumaa iliyopita."

Alihesabu moyoni, mtu ungeona anahesabu. "Ijumaa ulikuja karakana. Nilikuwa napiga randa."

"Ndiyo, baba."

"Ukaniambia zinapendeza."

Binti alitikisa kichwa kukubali. Alitamani amgombeze. Angemgombeza angelia, angeomba radhi, na pangekuwa na pa kuanzia.

"Na ile taa nyekundu kwenye kamera," seremala aliendelea, kwa sauti ileile ya kuuliza vipimo, "imewaka saa ngapi?"

Angeweza kusema hajui. Watu wote wale wangemwamini, kwa sababu hawakuwahi kuwa na sababu ya kutomwamini.

"Tangu naanza kusema."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, baba."

Kinyozi akaondoa kofia usoni. Mama Tarumbeta akaachia ule mkono aliokuwa ameushika, akajifuta mashavu harakaharaka kwa khanga yake, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

"Kata," alisema mwongozaji kutoka chini, kwa sauti ndogo. Na yeye alikuwa amelowa macho, na hakuigiza, tuseme haki yake. "Jamani, poleni. Poleni sana. Sijawahi kurekodi kitu kama hiki tangu nianze kazi." Akavua kofia yake pana, akaishika kifuani. Akatazama jua. Ilionekana wazi kwamba jambo linamwasha ulimini na anaona haya kulisema, na mwishowe akalisema. "Ningeomba... mara moja tu tena. Kamera ya karibu. Nina dakika kumi za mwanga."

"Hapana," alisema binti, amegeuka mzima. "Imetosha. Hapana!"

"Ni wewe uliyeandika," mwongozaji alisema kwa upole. "Bila nyuso zao watu hawatalia."

"Nimesema imetosha!"

Alikuwa anapiga kelele, na kelele zake zilizunguka uwanja mzima na kumrudia. Hakuna shabiki aliyemuunga mkono. Hakuna aliyemtukana pia. Walikaa walivyokuwa wamekaa, wamenyooka kidogo, mikono mapajani, kama watu wanaosubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

Seremala akasimama. Akajipangusa suruali, akashuka ngazi mbili, mpaka akawa ana kwa ana na binti yake. Binti alinyoosha mkono amshike. Baba aliutazama mkono huo bila kuukwepa na bila kuupokea.

"Haya, bibie," akamwambia, kwa adabu ile anayowapa wateja wanaoingia karakana kwa mara ya kwanza. "Tuelekeze basi. Unataka tulie tumekaa, au tumesimama?"