Mruko wa Kurudi

Wasichana wa Lusangi walikuwa na mchezo wao. Wanakaa chini kwa mstari, miguu wameinyoosha mbele, mmoja anairuka yote mpaka mwisho, halafu anageuka na kuiruka tena. Huko kurudi ndiko lazima. Mtu akikuruka akakuacha hivyo, amekufunga: hutakua, ama hutazaa. Nani kwetu asiyejua hayo?

Sasa siku moja Louise alimruka dada yake mkubwa, Émérance, aliyezoea kumwita Yaya, na kabla hajageuka baba yao akamwita. Wageni kutoka Wamaza walikuwa wamekuja kumposa. Louise akakimbia huku anacheka.

"Usikunje miguu, Yaya! Narudi!"

Wapi! Aliolewa na Raphaël huko Wamaza, na Émérance akaolewa palepale Lusangi na Octave. Miaka ikapita, nyumbani kwa Octave hakukusikika kilio cha mtoto. Walijaribu dawa za mizizi, walijaribu sala za misheni, bure. Mwishowe mama mkwe, Mama Célestine, mwanamke ambaye ulimi wake haupumziki, akamwita Émérance.

"Ulipokuwa mutoto, kuna mutu alikuruka?"

"Louise aliniruka."

"Akarudi?"

Émérance akatikisa kichwa.

"Basi nenda akuruke. Mvua ya kupanda ikikukuta hivyo, unarudi kwa baba yako. Octave amekubali."

Octave alikuwa anatazama jembe lake. Mwanamume mzima!

Mnadhani Émérance alilia? Machozi aliyamaliza zamani. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, akawa anawasikia wakimsema kama wanamsema jirani.

Enzi zile za Wabeleji hukutoka kwa chifu wako bila karatasi ya njia. Karani wa chifu akamwambia, pamba ya lazima kwanza. Akachuma pamba, ikapimwa. Akaambiwa angoje mzungu atie sahihi, na mzungu yuko safarini. Mimi ninayesimulia hasira zinanipanda hata leo, yeye hazikumpanda. Alingoja, akapewa, akashika njia kwa miguu.

Wamaza alikuta ua wa Raphaël umejaa watu, wanawake wamejifunga viuno. Louise alikuwa amekufa jana yake kwa homa. Wakampeleka ndani amwone.

"Mumemusuka nywele vizuri," alisema Émérance, akatoka, akakaa.

Wanawake wakatazamana. "Huyu dada iko na moyo gani?"

Raphaël alikuja akachuchumaa mbele yake, macho mekundu.

"Shemeji, tulipata habari kwamba unakuja. Louise alikuwa anakungojea. Alisema, 'Yaya akifika nitaamka, nimuruke.' Nimeongea na wazee. Wamekubali tumupitishe juu ya miguu yako tukienda kumuzika. Inatosha, wanasema. Utazaa."

"Sawa," alisema Émérance.

Akakaa mbele ya mlango, akanyoosha miguu kama zamani. Alikaa muda mrefu, kwa sababu fundi alikuwa bado anafunga machela. Watu walimhurumia, naye hakusikia kitu. Aliangalia vidole vyake vya miguu, vumbi la njia bado liko juu yake.

Machela ikatoka, wanaume wanne wameiinua. Mkeka aliozungushiwa marehemu haukutosha. Nyayo za Louise zilichungulia mwishoni, zimefungwa pamoja kwa kitambaa.

Miguu ile! Miguu ambayo mama yao alikuwa anaigombeza kutwa kwamba haitulii. Hapo ndipo Émérance aliposikia uchungu. Alijua sasa kwamba njia yote ile hakuwa anamfuata mtoto tu. Alikuwa anamfuata Louise, amwone anarudi anacheka.

"Ngojeni," alisema. "Huku si kuruka. Huku ni kubebwa."

"Shemeji, usijiharibie," Raphaël alimsihi. "Nafasi iko mara moja tu."

Émérance akaikunja miguu. Ilikuwa imekufa ganzi, ikamuuma, akaikumbatia mpaka magoti yakagusa kidevu.

"Pitisheni," alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Aliporudi Lusangi, manyunyu ya kwanza yalikuwa yameshaanza. Mama Célestine alisimama uani, Octave nyuma yake. Habari za Wamaza zilikuwa hazijafika. Angeweza kusema chochote.

"Amekuruka?"

"Hapana, Mama. Nilikunja miguu."

Akawapita, akaingia ndani kufunga vyombo vyake.