Maji Magumu

Maji yaligeuka mekundu kama divai kwenye chupa yangu ya kupimia, nikajua kabla sijamaliza kuitikisa. Yangekuwa laini yangekuwa buluu. Niliyamwaga, nikachota mengine, nikadondosha tena dawa. Mekundu. Okeny alikuwa nyuma yangu akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Bado iko mbaya," alisema.

"Bado."

Kiwanda chetu kilipika sabuni, jirani na bandari ya Port Bell, na maji ya boila yalikuwa kazi yangu. Maji magumu ni yale yenye chokaa nyingi. Yakichemka, mvuke huenda zake na chokaa hubaki, ikashika chuma kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Chuma kilichovikwa ukoko hakipozwi tena na maji. Kinaiva, kinalegea, kisha kinapasuka. Kwa hiyo tuliyapitisha maji kwanza kwenye tangi la kuyalainisha, na tangi hilo linaishi kwa chumvi. Mwaka ule wenye kiwanda walichimba kisima chao. Maji ya kisima yalikuwa magumu kuliko ya bomba la mji, yakala chumvi yetu yote, na nyingine haikuletwa.

Okeny aliiendesha boila ile kama mtu anayemlea mgonjwa. Alikuwa mtoto wa askari, Mwacholi aliyekulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kimekatwa mapambo yote. Changu kilikuwa cha soko la Busia, upande wa Kenya. Tulipendana kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeinyonya kwa mama. Jumapili alikuja Namuwongo nilikopanga, akalala kwenye mkeka, akanisikiliza nikipika. Kazini tulificha. Desemba angenipeleka kwao Kitgum, mama yake anione.

Nilikwenda kwa Lawrence, meneja. Hakuwa mtu mbaya.

"Nyabo, mimi pia nimewaambia wenye kiwanda," alisema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Wanasema chumvi iko njiani. Tumalize oda hii kwanza."

"Tuzime boila."

"Nikizima mimi, kesho atakaa mwingine kwenye kiti hiki, na ataiwasha."

Nikarudi kwa Okeny. Nilimwomba akatae, aseme anaumwa, aseme lolote. Alicheka kidogo, bila furaha.

"Nikikataa mimi, wataweka msaidizi wangu, Abwola. Huyo hajui kusikia hii kitu ikilia. Mimi najua. Ikibadilika sauti, nitazima mara moja."

Nilirudi kwenye chupa zangu.

Boila haikubadilika sauti. Ilikuwa asubuhi, wanawake wa upakiaji wanaimba, nikasikia kishindo kimoja kizito, kisha mluzi mrefu, kisha mashine zote zikanyamaza kwa pamoja. Chumba cha boila kilikuwa cheupe. Mvuke wenyewe hauonekani unapotoka; weupe ni ule uliokwisha kupoa. Nilijua hivyo, nikasimama mlangoni nikijua hivyo, mpaka wanaume walipomtoa Okeny wakiwa wamejifunga magunia yaliyolowa mikononi. Hawakujua pa kumshika.

Hospitalini Kiswahili kilimtoka. Kilikuwa juu juu tu, nadhani, kama ngozi. Alizungumza Kiacholi, taratibu, bila kukoma, na mimi nilikaa pale nikiyapokea maneno yake yote bila kulielewa hata moja. Jioni alifika dada yake Ayot, askari polisi, angali na sare. Aliinama akasikiliza. Kisha akanigeukia.

"Wewe ni wa kiwanda?"

Nilipaswa kusema mengine. Lakini ndugu yake alikuwa anakufa mbele yake, na si wakati wa kumwambia mtu habari za mikeka na Jumapili.

"Ndiyo," nilisema. "Anasema nini?"

"Anaongea na mama."

Alifariki kesho yake. Kampuni ilitoa jeneza na gari. Wenye kiwanda hawakuja, Lawrence alisema ana wageni, kwa hiyo nilipanda mimi, nikakaa karibu na dereva njia nzima hadi Kitgum, Okeny nyuma yetu chini ya turubai.

Nyumba yao ilikuwa kama alivyonieleza, na uwanja umefagiwa. Baada ya mchungaji, mwongoza shughuli alitangaza jambo na watu wote wakanitazama.

"Wanataka neno la kampuni," Ayot alininong'oneza.

"Mimi siwezi."

"Hakuna mwingine."

Nikasimama. Nilitazama sanduku, nikawatazama wazee, nikasema alikuwa mtu mwangalifu, poleni sana. Nikaishia hapo. Ayot alitafsiri kwa maneno mengi kuliko yangu. Sijui alisema nini kwa kinywa changu. Watu waliitikia kwa vichwa.

Chumvi ilifika mwezi uliofuata. Niliyaona magunia yamepangwa getini siku niliyokwenda kuacha kazi, na Abwola akisaidia kuyabeba.

Lakini siku ile ya mazishi, kabla hatujaondoka, mama yake Okeny aliinuka mkekani akaja kwangu. Alikuwa mfupi, na paji la uso lilikuwa la mwanawe kabisa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema neno refu, laini, huku akinitazama machoni. Nilimgeukia Ayot.

"Anashukuru kampuni," alisema. "Anasema ni sanduku zuri."

Nikamwambia amwambie asante. Kisha nikaongozwa kwenye hema la wageni, mbali na wafiwa, nikapewa kiti cha mbele na soda.