Taa za Hamza na Mchele wa Posa

Kuluthumu alikuwa tayari kumsamehe mumewe kila kitu, ila taa. Tangu Hamza astaafu kazi ya serikali hapa Chamwino, akajifunza kwenye simu kwamba taa za LED huuawa na joto, hakuna taa iliyosalimika. Huivua kifuniko, akabandua kwa koleo kijidude kimoja kati ya viwili vinavyopitisha umeme, akaifunga. Inawaka kinyonge, haipati moto, haiungui. Na kweli haziungui! Hilo ndilo lililomuudhi Kuluthumu kuliko yote: mtu huna hata sababu ya kuzitupa.

Sasa ilikuwa jioni, na kesho yake wageni walikuwa wanakuja kutoka Chemba kumposa binti yao, Ikram. Mchele wa pilau ukaletwa jua limeshazama, umejaa mawe, na pilau ilitakiwa jikoni alfajiri. Jiwe moja kwenye sinia la wakwe, na Ikram ataitwa binti wa nyumba isiyojua kupika.

"Baba Ikram, nitachambuaje mchele kwa mwanga huu?"

"Macho yatazoea."

"Mimi si paka!"

Akamtuma Ikram dukani kwa Jayant alete taa mpya. Ilipowaka, hata pembe za sebule zilionekana. Kuluthumu akamshukuru Mungu, akaenda kuswali Isha. Aliporudi, giza ni lilelile. Hamza amesimama chini ya taa, koleo mkononi, uso umejaa fahari.

"Nimeiwahi," alisema. "Hii itatuzika sote."

Kuluthumu alitamani kulia. Kijidude kikishabanduliwa hakirudi, na Jayant alikuwa ameshafunga duka. Ikram akamulika kwa simu yake mpaka chaji ikaisha, mchele haujafika nusu. Uliobaki ukachambuliwa kwa kupapasa na kwa dua.

Siku ya pili wanaume walizunguka sinia, Kuluthumu nyuma ya pazia, roho mkononi. Tonge la kwanza tu: kru!

Alikuwa Hamza. Akameza, akatabasamu. Mshenga, mzee Uwesu, alikuwa anaunyoosha mkono kwenye wali.

"Mzee, nyama hii hapa, usituonee haya," Hamza akamsogezea nyama, huku akijikokotea wali wa upande wa mgeni. Kru! Akasogeza nyama nyingine, akakokota tena. Wageni wakala nyama, wakamsifu mwenyeji kwa ukarimu na mpishi kwa mkono wake. Posa ikapokelewa.

Walipoondoka, Hamza aliingia jikoni ameshika shavu. Akafungua kiganja: nusu ya jino.

"Waliona?" aliuliza kwa shida.

Kuluthumu alilitazama lile jino, hasira na huruma zikigombana kifuani.

"Hawakuona," alisema. "Hata mimi jana sikuona."