Simu Isiyobanwa Begani

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Burashi, mpaka rangi wa nyumba za watu, aliiweka simu mpya mezani, kando ya cherehani ya mkewe, kwa mikono miwili kama anayelaza mtoto mchanga. Mkewe akaitazama. Ilikuwa pana, nzito, nyeusi tii, na mgongoni ilikuwa na mstari wa taa nyekundu uliowaka na kuzimika bila kuulizwa na mtu.

"Hii ni simu ya wacheza gemu," alisema Burashi. "Lakini bei yake ni ya watu wa kawaida kama sisi. Muuzaji kaniambia haikwami hata uifanye nini, na chaji inakaa siku nzima."

"Mimi nacheza gemu gani, baba watoto?"

"Huchezi. Ndiyo maana itadumu."

Ndivyo wanaume wanavyonunua vitu, na ukibisha unaambiwa huna shukrani. Simu ya zamani ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi, ikafa maji. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameomba kitu kimoja tu, simu ya kupiga na kupokea, na laini iwe ileile. Laini ileile, kwa sababu alikuwa anangoja kupigiwa. Dada yake mkubwa, mwalimu, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa amemnunia tangu msimu wa mvua. Siku hiyo walikuwa wanaongea vizuri tu, mara dada akanyamaza, kisha akasema, "Basi. Nikikuhitaji nitakupigia mwenyewe," akakata. Tangu hapo fundi akipiga, simu inaita mpaka inachoka. Alilitafuta kosa lake akiwa jikoni, akiwa kazini, akiwa kitandani, asilione. Sasa mtu asiyejua kosa lake ataombaje msamaha? Atasema samahani kwa lipi?

Burashi akaenda zake kazini, na fundi akaketi kwenye cherehani. Simu ikaita. Alikuwa mteja wa gauni la bluu. Fundi akafanya kama mafundi wote wafanyavyo: akaibana simu kati ya bega na sikio ili mikono ibaki na kitambaa na mguu ubaki kwenye pedali. Lakini waliounda simu ile walikuwa wameweka vitufe viwili vya kufyatulia risasi za gemu ubavuni, palepale bega linapokaa. Mazungumzo yakakatika. Badala ya mteja, bunduki zikalia sikioni mwake, na mwanamume mmoja akapiga kelele, "Shambulia!"

Fundi aliruka, sindano ikakosa upindo na kupita katikati ya gauni.

"Fundi, mbona unanikatia?" mteja aliuliza alipopiga tena.

"Sijakata, mama, ni hii..."

"Shambulia!"

Mara ya tatu akaiweka mezani na kuwasha spika ya nje. Tuseme haki ya Mungu, spika zilikuwa na nguvu. Zilikuwa na nguvu kupita kiasi.

"Fundi, usilibane gauni kiunoni," sauti ya mteja ikajaa chumba na kumwagika barabarani. "Siku ile ulivyonipima nilivuta tumbo ndani!"

Upande wa pili wa barabara, muuza ndala alicheka mpaka akashikilia nguzo. Fundi akaizima spika, uso umemwiva kwa aibu isiyokuwa yake.

Simu yenyewe haikuwa mbovu, na mwenye macho lazima aseme alichokiona. Kioo chake kilikuwa laini, maandishi yalisomeka hata kwenye jua la mlangoni, kila ulichogusa kilifunguka papo hapo, na chaji ilikaa kweli kama muuzaji alivyosema. Kwa mwenye shughuli nayo, ni simu. Lakini kumpa mshonaji silaha ya vita ukamwambia ashonee nayo, hilo nalo ni jambo? Fundi alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na mnunuzi, mumewe, alikuwa juu ya ngazi anapaka ukuta huku akipiga mluzi.

Mteja mwingine akaja kujaribu sketi. Fundi akaitia simu mfukoni, akapiga magoti na pini zake mdomoni, akapima, akakunja, akachora chaki. Kumbe kila alipoinama, mfuko ulibonyeza vitufe. Mteja alipoondoka, aliitoa simu na kukuta vita vimepamba moto kimyakimya. Juu ya moshi na maiti palikuwa na taarifa ndogo kwamba alikuwa amepigiwa na Dada.

Chini yake palikuwa na ujumbe ambao simu ilikuwa imemtumia Dada yenyewe, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote: "Nipo vitani. Usinisumbue. Nitakutafuta nikishinda."

Fundi akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, ikakatwa. Alitamani kuitupa barabarani ikanyagwe na gari.

Burashi aliporudi kula, nywele zina madoadoa meupe, alisukumiwa simu puani. Akausoma ujumbe, uso ukamchangamka.

"Lo! Kumbe inajibu yenyewe! Hili muuzaji hakuniambia."

"Imemjibu dada yangu!"

Tabasamu likamfifia. Alijua jinsi mkewe alivyoingoja simu ile. "Mpigie kwa yangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Akiona namba yako atasema namtumia watu. Wewe na gemu zako! Nilikwambia nataka nini? Nilikwambia nataka nini mimi?"

Kabla hajajibu, simu ikaita. Dada.

"Usiibane," alinong'ona Burashi.

Fundi akainuka kwenye cherehani. Aliishika simu kwa ncha za vidole, juu na chini, asiguse ubavu, akaenda kusimama ukutani ambako hapakuwa na kazi ya kushika.

"Haya," ilisema sauti ya darasani. "Umeshinda?"

"Dada, siyo mimi. Ni simu, kaninunulia shemeji yako, ni ya michezo, inajibu watu yenyewe, haki ya Mungu sijaandika mimi."

"Mbona leo sisikii cherehani?"

"Nimesimama. Hii simu haikubali kazi mbili."

"Afadhali yake."

"Dada, nilikukosea nini? Niambie tu. Nitukane, lakini niambie."

"Hukumbuki kweli?"

"Sikumbuki."

"Siku ile nilikwambia daktari ameona uvimbe kwenye titi, anataka kukata kipande wakapime. Ukanijibu, 'Vizuri, dada, Mungu akuzidishie.' Halafu ukaniuliza kama huku kwetu vifungo vya lulu vinapatikana."

Burashi, aliyekuwa akisikia kila neno hata bila spika ya nje, aliinamisha kichwa. Gauni alilokuwa akishona siku hiyo fundi alilikumbuka, tena vizuri, hata rangi ya uzi wake. Maneno ya dada yake hakukumbuka hata moja.

"Majibu yametoka," alisema dada. "Kesho asubuhi naingia kupasuliwa. Nilipiga nikwambie, nikajibiwa upo vitani. Nikasema basi. Halafu nikaona, aa, nitampigia nani mwingine?"

Simu ilikuwa imeanza kupata moto. Fundi akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, ameishika kwa mikono yote miwili.

"Upande gani, dada?" aliuliza.

Mwalimu alishtuka kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolitarajia.

"Wa kushoto," alisema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika.