Makopo Mawili Mezani

Miezi minne nilitafuta kopo moja la baruti, na miezi minne niliambiwa nijaribu wiki ijayo. Nilizunguka West Virginia nzima, nikavuka hadi Ohio. Rafu tupu kila mahali.

Tatizo ni bunduki ya baba. Ni ya enzi za vita, inajipakia yenyewe: risasi ikitoka, gesi inasukuma ufito wa chuma nyuma, ganda linarushwa nje, risasi nyingine inaingia. Baruti ikiwa ya kuwaka polepole mno, ufito ule unasukumwa kwa nguvu kupita kiasi na kupinda. Risasi za dukani za wawindaji nazo ni vilevile. Kwa hiyo nazitengeneza mwenyewe, kwa aina moja tu ya baruti, ileile aliyoitumia baba.

Na mwaka huu sikuwa na muda wa kungoja. Oktoba nafanyiwa upasuaji wa bega la kulia, na daktari ameniambia waziwazi kwamba baada ya hapo nisahau bunduki. Mashindano ya Jumamosi ya klabu yetu ndiyo yangu ya mwisho. Nilitaka kuyapiga kwa bunduki ya baba, basi.

Mwezi wa tatu wa kuhangaika, muuzaji mmoja mwenye ndevu hadi kifuani alinisogezea kopo jingine.

"Mama, baruti ni baruti. Wawindaji wote wanaisifu hii."

"Wawindaji wako wanakoki kwa mkono. Yangu inajipakia."

"Basi weka kidogo tu, mama."

Nilitamani kumvuta hizo ndevu. Kopo lenyewe nikalinunua, na mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani nilichoka kurudi nyumbani mikono mitupu.

Jumanne ya wiki ya mashindano, mdogo wangu Denzil akaingia jikoni bila kubisha hodi, akaweka kopo mbele ya kahawa yangu. Lilikuwa lenyewe, na lakiri yake haijaguswa.

"Usiniulize nimelitoa wapi, dada."

"Umeiba?"

"Nimebadilishana na jamaa mmoja wa Elkins. Nyama yangu yote ya kulungu iliyokuwa kwenye friza."

"Yote? Na majira ya baridi mtakula nini?"

"Tutakuja kwako."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Jumatano nikatengeneza risasi ishirini za majaribio, nikazipiga zote, na matundu yote kwenye karatasi ya shabaha nikayafunika kwa kiganja kimoja. Nilijisikia msichana tena.

Alhamisi mchana nikakaa kutengeneza za mashindano. Denzil akaja kuchukua lile kopo la mwenye ndevu kwa ajili ya bunduki yake ya kukoki. Akalifungua pale mezani kwangu, akachota kidogo, akaenda kuichoma uani aone inavyowaka. Mwanamume mzima wa miaka hamsini na mbili!

Kabla sijajaza hata risasi moja, simu ikalia. Ilikuwa hospitali. Wanasema tarehe yangu imesogezwa, karatasi za bima hazionekani, nirudie kujaza zote. Nikabana simu kwa bega lile lile bovu, nikabishana na yule dada wa hospitali, mikono ikiendelea na kazi yake. Nikaikata simu bila kuaga. Nikaona kipimio, kile chombo cha kugawia baruti kwenye maganda, kimejaa, nikasema leo basi, kwa hasira hii sigusi risasi. Nikafanya ninachofanya kila nikimaliza kazi: nikamimina baruti yote ya kipimio ndani ya kopo lililokuwa karibu, lile aliloniletea Denzil Jumanne.

Ndipo nikaona makopo yapo mawili, yote wazi.

Sikukumbuka nilijaza kipimio kutoka lipi. Chembe zake ni nyeusi zote, fupi zote, kama risasi ya penseli iliyokatwakatwa. Na kila Aprili ni mimi ninayesimama mbele ya wanachama wapya kuwaambia kwamba mezani linakaa kopo moja tu, na kwamba atakayeweka mawili nitamfukuza.

Denzil akaingia ananuka moshi. Nikamweleza.

"Pima uzito wa makopo, uone lipi limepungua," akasema.

"Jana nilitumia langu bila kupima kilichobaki. Na wewe umechota lile jingine. Nitalinganisha na nini?"

"Lakini dada, mkono wako utakuwa ulikwenda kwenye kopo lako. Kwa mazoea. Asilimia tisini ni salama."

"Asilimia tisini ni vidole tisa, Denzil."

"Nimetoa friza nzima!"

"Najua!"

Tukatazamana. Alikuwa na haki ya kukasirika, nami nilikuwa na haki ya kujichukia. Nikachukua kopo lile alilobadilishana na nyama, nikatoka nje, nikalimwaga lote kwenye maua ya waridi. Hakunizuia. Alisimama mlangoni na kofia mkononi kama yuko mazishini.

Nikampigia Orville Tackett, nahodha wetu.

"Jumamosi sipigi, Orville."

"Bega?"

Alinipa uongo mkononi kabisa, ilikuwa imebaki kuupokea tu. Hakuna ambaye angeuliza zaidi.

"Hapana. Niliweka makopo mawili mezani. Nimechanganya."



"Wewe, Twyla?"

"Mimi."

"Sawa," akasema taratibu. "Njoo hivyo hivyo. Watu wapya watakuwepo, na napenda uwaambie mwenyewe."

Nikasema nitakuja. Kisha nikaweka simu chini, nikamtukana yule mwenye ndevu, nikaitukana hospitali, nikamtukana Denzil aliyekuwa amekaa jikoni kwangu. Ilipofika zamu ya kujitukana mwenyewe matusi yakaniishia, nikalia.