Usukani wa Faustino

Kibaoni nzima hakuna mwanamke anayejua vipuri vya gari kama mimi. Haya, niseme kweli: navijua viwili, usukani na honi, na honi nilionyeshwa juzi.

Gari lilikuwa la mwanangu Faustino, Corolla kuukuu aliyokwenda nayo kwenye mashindano Morogoro na kurudi wa mwisho, vumbi mpaka kwenye meno. Hakufia mbioni. Homa ilimchukua kwa siku nne, kitandani kwangu. Tulipomaliza matanga, nguo zake tukawagawia binamu zake kama kawaida yetu, maana vitu vya marehemu havikai ndani. Gari je? Gari halivaliki. Shemeji yangu Agapiti akaamua lifunguliwe, vipuri wauziwe wale tu walioshindana na Faustino, kila mmoja abaki na kipande cha mwenzao.

Nikaona aibu kuuza vitu vichafu. Nikavisugua kwa mchanga na sabuni ya unga kama masufuria ya harusi. Kile wanachokiita kabureta nikakiloweka kwenye ndoo. Chujio la hewa, la karatasi, nikalifua na kulianika kambani kando ya kanga zangu.

Jumamosi akaja Shilinde, yule Msukuma wa Viwanja Sitini aliyekuwa akimpita Faustino kila mwaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nisamehe siinuki, magoti."

Akainua kabureta, ikamwaga maji. Akanitazama. "Mama, umeipikia uji?"

"Nimeiosha. Mnaendesha uchafu, ndiyo maana mnashindwa."

"Mimi sishindwi. Nilikuwa namshinda mwanao."

"Alikuwa anakuachia. Alijua una wake wawili, akakuhurumia."

Akacheka, halafu kicheko kikakatika, akajifuta macho kwa mkono wenye grisi. Akaichukua kabureta ile ile yenye maji.

"Ninachotaka hasa ni usukani," akasema. "Niufunge kwenye gari langu, nikimbie nao mwezi ujao. Angalau safari moja afike wa kwanza."

Maneno hayo yakanichoma. Usukani sikuuosha. Faustino aliuzungushia kitambaa, na jasho la viganja vyake bado limo. Kila asubuhi naunusa kabla sijawasha moto. Nikiutoa, nitanusa nini?

"Ameuchukua Anold wa Lupiro," nikasema. Anold mwenyewe nilimjua kwa jina tu. "Jana. Tena hakuwa na maneno mengi kama wewe."

Shilinde akainamisha kichwa. "Basi. Anold naye anaendesha vizuri."

Akaanza kuondoka. Hajafika hata kwenye lango la ua, pikipiki ikaingia. Mwanamume mrefu akavua helmeti, akasalimiana na Shilinde, kisha akanijia.

"Shikamoo mama. Pole na msiba. Mimi Anold, natoka Lupiro. Nilikuwa shambani kwenye mpunga, taarifa nimezipata jana usiku. Ule usukani wa Faustino bado upo?"

Shilinde akageuka polepole.

"Mama."

"Sema."

"Jana alikuja Anold gani?"

"Akina Anold wapo wengi. Lupiro imejaa."

"Simama, mama."

"Nimeshakwambia, magoti."

Hakunigusa. Alichuchumaa tu mbele yangu, akaitazama kanga niliyojifunika mapajani, jinsi ilivyoinuka mviringo kama sinia. Mikono yangu ilikuwa chini yake, imeshika pale pale alipokuwa akishika mwanangu, na sikuweza kuiachia.